Matumbo ya Bweni la Baraka na Choo Nilichokipanga Mimi

Vijana wangu mnaovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza, ketini vizuri, maana leo nataka kujisifu. Najua mzee aliyestaafu anatakiwa awe mpole na kusema kazi zote zilikuwa za Mungu. Mimi sitaki. Nimeuguza watu miaka mingi, kwanza Fizi kule milimani, kisha Baraka kando ya ziwa. Nimeshona watu waliong'atwa na kiboko, nimezalisha kina mama ndani ya mtumbwi. Lakini ushindi ninaoupenda kuliko yote niliupata miaka ile ya hamsini, juu ya ugonjwa usio na mdudu, usio na kidonda, usio na homa. Na niliushinda baada ya kuuleta mwenyewe.

Siku zile mwanafunzi akisema tumbo linauma, sisi wauguzi tulikuwa na neno moja mdomoni: minyoo. Na kweli minyoo ilikuwepo, tena ya kutosha. Tulikuwa na mafuta ya minyoo, ya manjano, yenye harufu inayokaa kwenye vidole hata ukinawa kwa majivu. Mtoto alimeza kijiko, akafuatishiwa chumvi ya kuharisha, akashinda kutwa nzima nyuma ya migomba. Kesho yake tuliandika kwenye daftari: amepona. Hakuna aliyerudi kumuuliza kama ni kweli.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Lubunga, muuguzi mkuu wa zahanati ya Fizi, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Siku moja alinikuta nikimfokea mtoto wa shule aliyekuwa akitapika mafuta yale. Mzee alichovya kijiko ndani ya mafuta, akakileta mbele ya pua yangu, akaniambia, "Lamba." Nikalamba. Ulimi ulikufa ganzi mpaka jioni, ugali wenyewe nikaula bila kujua ni ugali. Tangu siku hiyo sikumfokea mgonjwa tena kwa ajili ya dawa, ingawa mafuta yenyewe niliendelea kuyaamini kupita kiasi.

Huyo huyo Mzee Lubunga ndiye aliyenifundisha kupima tumbo. Pasha mikono moto kwanza, alisema, maana mkono wa baridi unalifanya tumbo likaze hata kama halina kitu. Halafu ubonyeze huku ukimwongelesha mgonjwa mambo ya kwao, samaki, mihogo, shangazi zake. Tumbo lenye hatari haliwezi kusikiliza hadithi. Litakuzuia tu, litakuwa gumu chini ya vidole vyako. Tumbo linalouma bila hatari hulegea mgonjwa anapoanza kuongea. Leo mna mashine za kuangalia ndani, na mimi nazipenda, lakini msisahau mikono.

Nilipohamishiwa Baraka nilipewa pia kusimamia afya ya shule moja ya misheni iliyokuwa na mabweni mawili, la wavulana na la wasichana wachache. Nilikuwa kijana, nimetoka kusoma kitabu cha usafi, na kichwa kilikuwa kimevimba. Nikakuta wasichana wanatumia choo cha zamani cha miti, kimejificha katikati ya migomba nyuma ya jiko. Nzi, nyoka, unyevu! Nikaamuru kifungwe na migomba ikatwe. Nikachagua mahali pengine, peupe, penye upepo, mbali na kisima, kama kitabu kilivyosema. Tukajenga cha matofali, milango minne, bati juu. Mkuu wa shule, Mwalimu Asukulu, alikisifu mbele ya wageni wote. Daktari Mbelgiji aliyepita mara moja kwa mwezi alinipa mkono. Nilitembea Baraka yote nimeinua mabega.

Basi, mwaka uliofuata matumbo ya bweni yakaanza.

Hayakuanza kwa kishindo. Leo mmoja, kesho wawili, asubuhi hasa, kabla ya darasa. Nikaagiza kila mwenye tumbo alete choo chake kwenye jani la mgomba, nikitazame kwa mikroskopi. Wakaleta. Kila jani lilikuwa na mayai ya minyoo. Nikafurahi, nikatoa mafuta. Baada ya majuma machache tumbo lile lile, jani lingine, mayai yale yale. Nikatoa mafuta tena.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa Mauwa. Alikuwa darasa la mwisho, kama miaka kumi na minne hivi, mtoto wa mvuvi wa Ubwari, ng'ambo ya maji, aitwaye Mulasi. Kijijini kwao hakuna msichana aliyekuwa amefika darasa lile. Zilibaki wiki tatu afanye mtihani wa kuingia shule ya ualimu ya wasichana kule Bukavu, na walimu wote walijua anaweza. Lakini tumbo lilimlaza kila asubuhi. Nilikuwa nimempa mafuta mara tatu. Mara tatu! Hata mimi nikisikia hatua zake mlangoni niliona aibu.

Baba yake akatuma habari kwa mtumbwi. Jumamosi angekuja Baraka na samaki wake wa sokoni. Akikuta binti bado anaumwa, angemrudisha Ubwari atafutiwe dawa ya nyumbani. Na kila mtu alijua kwamba huko Ubwari kulikuwa na familia iliyokwisha kuleta posa, inangoja tu msichana amalize mambo ya vitabu. Ukiingia kwenye mtumbwi ule, shule imekwisha.

Siku ya Jumatano nikaenda kwa Mwalimu Asukulu kumwombea. Alikuwa mtu wa haki, lakini mkali kupindukia.

"Muganga, ule mutoto haiko mugonjwa," akaniambia, maana kwetu muuguzi naye huitwa muganga. "Siku ya hesabu, tumbo. Siku ya imla, tumbo. Vakansi ikifika, anarudi kwabo, tumbo inapona yote! Anajifanya. Baba yake akuje amubebe."

"Mwalimu, miye niliona minyoo na macho yangu."

"Basi mbona dawa yako haiiue?"

Nilirudi zahanati nimenywea, nikaosha mikono kwa maji ya moto, nikamwita Mauwa aje na Mama Nyassa, mpishi wa shule ambaye ndiye aliyelinda bweni la wasichana.

Nikamlaza. Hakuwa na homa. Ulimi safi. Nilimpima uzito, hakuwa amepungua. Nikauliza kama maumivu yanamwamsha usingizini, akasema hapana, analala mpaka kengele. Haya mambo manne myashike, vijana: homa, kukonda, damu kwenye choo, maumivu yanayomtoa mtu usingizini. Ukikuta hata moja, acha hadithi, mtafutie daktari mbio. Mauwa hakuwa nayo; habari ya damu Mama Nyassa alimuuliza baadaye, haikuwepo.

"Tumbo yako inaumaka wapi, binti yangu?"

"Hapa ku kitovu, Muganga. Na huku chini."

"Eh. Kwenu Ubwari, ndagala munazianikaka ku mawe ao ku muchanga?"

Akashangaa kwamba namuuliza habari za dagaa. "Ku mawe. Ku muchanga zinajaa michanga, batu ba soko ya Kazimia banakataa kuzinunua."

"Na nani anazigeuzaka?"

"Miye na dada yangu..."

Akaendelea kueleza, na tumbo likalegea chini ya mikono yangu kama nilivyofundishwa. Upande wa kulia, laini kabisa. Upande wa kushoto, chini, vidole vyangu vikagusa vitu vigumu vimepangana, kama karanga ndani ya mfuko. Nikasimama. Nilikuwa nimempa msichana huyu mafuta mara tatu, na sikuwahi hata mara moja kumgusa tumbo. Nilitazama majani tu.

"Mauwa, uliendaka ku choo lini?"

Akageuza uso ukutani. Nikaelewa kwamba mbele ya mwanamume hatajibu hata nikae mpaka mwaka uishe. Nikatoka, nikasimama nje. Nilisikia minong'ono, kisha Mama Nyassa akacheka, akajizuia, akacheka tena. Akatoka ameshika mdomo kwa kanga.

"Muganga, huyu mutoto hajaenda tangu siku ya Mungu ya juma yenye ilipita."

"Tangu Jumapili ile, siku kumi? Haiwezekani! Juzi ameniletea choo na jani."

"Ile ilikuwa ya Faida."

"Ya Faida namna gani?"

"Alimuomba. Batoto bote banamuombaka Faida. We unasema kila mutu alete, na hapana kitu ndani ya kuleta. Sasa bafanye nini? Faida iko na tumbo muzuri, anabagawia."

Nilikaa kwenye ngazi. Faida alikuwa msichana mnene mchangamfu asiyewahi kukosa darasa. Kumbe nilikuwa nikitibu minyoo ya mtu mmoja kwenye matumbo ya bweni zima! Na Faida mwenyewe, kama Mama Nyassa alivyoniambia huku machozi ya kicheko yakimtoka, alikuwa akienda kuyatema mafuta yangu nyuma ya jiko kwa sababu ya harufu. Ndiyo maana mayai hayakuisha. Nacheka sasa. Siku ile nilitamani ardhi inimeze.

"Lakini mbona habaendi ku choo?" nikauliza. "Choo nzuri vile, ya matofali!"

Mama Nyassa akaacha kucheka. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto wake mwenyewe aliyevunja chungu.

"Weye ndiye ulikata migomba," akasema.

Jioni ile nilienda nikaketi kwenye baraza za nyumba za walimu, mahali ambapo sikuwahi kuketi. Milango minne ya choo changu ilinitazama moja kwa moja. Mbele ya nyumba hizo ilipita njia ya sokoni, na njia ilijaa wanaume, wavuvi, wakulima, wazee wenye wana wa kuoa. Kwetu Wabembe wa wakati ule, msichana anayekua hakuweza kuonekana na mwanaume akielekea chooni. Kila mzee pale njiani aliweza kesho kuwa baba mkwe wake. Mimi ni Mbembe! Mama yangu alilijua hilo, dada zangu walilijua, na mimi nililijua kabla ya kujua kusoma. Nikalisahau kwa sababu kitabu cha usafi hakikuliandika.

Na tulikuwa tumeongeza juu yake. Kengele ya asubuhi iliita moja kwa moja kutoka uji hadi mstari, hakuna nafasi. Darasani, anayetaka kutoka alivaa shingoni kibao cha ruhusa, wenzake wakimzomea. Maji walikunywa kidogo ili wasihitaji kutoka. Chakula kilikuwa ugali wa mihogo na maharage, sombe, yaani majani ya mihogo, mara chache. Tumbo la mtoto anayekua ukilifungia hivyo mwaka mzima, lifanye nini? Linakaza, linauma, linatia kichefuchefu, na mwenye tumbo anaitwa mvivu.

Nilijua Mwalimu Asukulu hatanisikiliza kwa maneno. Alhamisi nikaomba kikapu chenye kifuniko kwa Mama Nyassa, mahindi na maharage. Nikapita kila darasa kubwa, wavulana na wasichana. Kila mmoja nikampa punje ya hindi na ya haragwe. Nikawaambia: kama tumbo linakuuma mara kwa mara bila homa wala kuharisha, ingiza hindi. Kama haliumi, haragwe. Punje inayobaki, tafuna njiani au mpe kuku. Mkono unaingia chini ya kifuniko, mimi natazama dirishani, mwalimu anakaa nje. Hakuna jina, hakuna jani.

Nikakimwaga kikapu juu ya meza ya mkuu wa shule. Mimi nilitegemea mahindi machache ya wasichana. Yalikuwa mengi, vijana wangu. Mengi kiasi kwamba mwanzoni nilidhani nimekosea kikapu. Nilikuwa nimetenga punje za kila darasa kwa kitambaa, na hata darasa la wavulana peke yao lilikuwa na mahindi yake. Wavulana wale hawakuwa na aibu ya choo hata kidogo. Wengi wao, nilipoongea nao baadaye, matumbo yaliwakamata asubuhi ya imla na ya mtihani, yakaachia saa nne. Wengine waliona tumbo limejaa baada ya kula vijiko vichache tu. Sikuwa na dawa ya haya kwenye kabati, wala jina lake. Ninyi leo mna majina, mnasema tumbo halina ugonjwa ila kazi yake ndiyo imevurugika. Sisi tulikuwa na punje za mahindi.

"Mwalimu," nikasema, "hawa bote bavivu? Hata bale banashikaka namba ya kwanza?"

Alizisogeza punje kwa kidole. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akainuka, akafunga mlango, akarudi akakaa.

"Inspekta wa shule akitoka Uvira," akasema kwa sauti ya chini, "miye silalaki na tumbo muzuri siku tatu. Asubuhi yenyewe naendaka ku choo mara ine. Bibi yangu, mama ya batoto, ndiye tu anajua."

"Na unajifanya?"

"Hapana!" Akapiga meza, mahindi yakaruka. Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Ijumaa shule haikusoma. Wavulana walishuka ziwani kukata matete, Mwalimu Asukulu mwenyewe akavua koti akachonga nguzo za uzio. Tukazungushia choo ukuta wa matete mrefu kuliko mtu mrefu, tukafungua njia mpya inayotokea nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna mwanaume anayepita. Kibao cha ruhusa Mama Nyassa alikitia motoni chini ya sufuria ya maharage. Tukasogeza kengele, baada ya uji kukawa na nafasi ya kutosha, kila mtu aende akae bila haraka, awe na haja au asiwe nayo, maana baada ya kula tumbo lenyewe huamka. Tukaweka mtungi wa maji mlangoni mwa kila darasa. Sombe kila siku, na mapapai ambayo walimu walikuwa wakiyaachia ndege. Mauwa nilimpa mafuta ya nyonyo kidogo mara moja tu, kulainisha kilichokwisha kukauka, na maji ya vuguvugu kila asubuhi. Mafuta ya minyoo nilimpa Faida, nikasimama mbele yake mpaka ameze.

Jioni hiyo hiyo Mama Nyassa alikuja mbio zahanati, anataka kupiga vigelegele: Mauwa ameenda chooni! Nikamziba mdomo, nikamwambia mheshimu mtoto. Lakini nilikuwa na furaha mpaka nikamwaga wino.

Jumamosi Mulasi akafika. Mwanaume mrefu, mikono imekatwakatwa na nyuzi za wavu, akiwa na mkeka wa kumlaza binti ndani ya mtumbwi. Tulikutana uwanjani, yeye, Mauwa, mkuu wa shule na mimi.

"Munasema haiko minyoo," akasema. "Basi ni mutu anamuroga. Nitaenda naye."

Nikaanza kueleza habari za choo, njia na maji. Niliona kabisa hayamwingii. Kwake nilikuwa kijana wa mafuta aliyeshindwa mara tatu, na alikuwa na haki. Akamshika binti mkono.

Ndipo Mwalimu Asukulu akasogea mbele. Mjue kwamba wakati ule mkuu wa shule hakumwomba mtu radhi, sembuse mvuvi, sembuse mbele ya wanafunzi waliojipanga madirishani.

"Baba Mulasi," akasema, "miye nilisema mutoto yako anajifanya. Nilikosa. Tumbo yake ilikuwa inauma kweli, na sababu ilikuwa kwetu hapa. Tumetengeneza. Unipe juma tatu, mpaka egzame ya kuingia Bukavu. Akiendelea kuumwa, miye mwenyewe nitamuleta Ubwari na mutumbwi."

Mulasi akamgeukia binti. "We unasema nini?"

"Baba, jana na leo nimekula nikashiba," Mauwa akasema. "Uniache nimalize."

Mvuvi akatazama ziwa, akatazama mkeka wake, akatutazama sisi. Halafu akaukunja mkeka, akauweka kwapani. "Juma tatu," akasema, akaenda sokoni kuuza samaki.

Zile wiki tatu mahindi yalipungua. Nilipitisha kikapu tena, na Mwalimu Asukulu alihesabu punje kwa mkono wake, akiimba. Sitadanganya kwamba yaliisha. Wapo ambao matumbo yao yaliendelea kuwasumbua kila penye jambo kubwa, na hao niliwafundisha kunywa maji ya moto, kukaa wima, kuvuta pumzi polepole mpaka chini, na zaidi ya yote kuacha kuogopa kwamba wanakufa. Hofu ya tumbo hulisha tumbo. Hiyo nilijifunza kwao.

Mauwa alifanya mtihani wake. Barua ilipofika, Mwalimu Asukulu aliisoma mbele ya shule nzima, na alipofika kwenye jina lile bweni la wasichana lilipiga kelele mpaka wachuuzi wakaacha vibanda vyao wakaja kuuliza nani ameoa. Hakuna aliyeoa! Msichana wa Ubwari ameshinda! Nilirukaruka na koti langu jeupe mbele ya watu, na sijutii.

Siku ya safari lori la Bukavu lilisimama karibu na soko. Mulasi alikuwa amebeba sanduku la binti begani, hataki mtu amsaidie. Mauwa akaniaga kwa mikono miwili, na niliona uso wake umesinyaa kidogo, mkono mmoja ukarudi kitovuni.

"Nini tena?" nikauliza, nikashtuka.

"Tumbo iko inauma, Muganga."

Dereva akapiga honi. Baba yake akageuka, sanduku begani, akanitazama.

Mauwa akacheka. "Usiogope. Haiko minyoo, na hapana mutu ananiroga. Ni safari tu. Itauma mpaka Uvira, kisha itachoka." Akafunga kanga vizuri, akakanyaga gurudumu, akapanda.